Salisbury, Cranborne, Burghley, Exeter: majina mengi, ukoo mmoja wa Cecil

Mkataba ulioziweka Unguja na Pemba chini ya himaya ya Uingereza ulitiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890. Aliyeusimamia upande wa London, akiwa waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje kwa wakati mmoja, vitabu vyetu vinamwita Lodi Salisbury. Lakini ukifungua kumbukumbu za bunge la huko za mwaka 1860 humwoni Salisbury huyo. Unamkuta Lodi Robert Cecil. Za mwaka 1867 zinamtaja Lodi Cranborne. Wote watatu ni mtu mmoja. Hakubadili ukoo, hakulelewa na baba mwingine, wala hakuwa anakimbia madeni.

Asiyejua jinsi vyeo vya Waingereza vinavyorithiwa atahesabu hapo watu watatu. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kuwafanya watu kadhaa kuwa mmoja. Lodi Salisbury wa 1605 aliichunguza njama ya baruti London, wa 1890 alichora mipaka yetu, wa 1961 alisimama bungeni kulaumu sera ya serikali yake kuhusu Afrika. Hao sasa ni watatu kwelikweli, babu na vitukuu.

Tuanze na ngazi. Kutoka juu kwenda chini ni duki, markwisi, erli, vaikaunti, baroni. Anayepandishwa havui cheo cha chini. Anavaa cha juu yake, kama kanzu juu ya fulana. Mkuu wa tawi linalokaa Hatfield, kaskazini ya London, ni markwisi wa Salisbury (cheo cha 1789), erli wa Salisbury (1605), vaikaunti Cranborne (1604) na baroni Cecil wa Essendon (1603), vyote kwa pamoja, ila anaitwa kwa kile cha juu. Mtoto wake mkubwa wa kiume anaazimwa kimoja cha chini. Erli wa Salisbury hakimfai kwa kuwa kingemchanganya na baba, jina likiwa lilelile, basi anachukua kinachofuata: Cranborne.

Ni kuazimwa hasa. Kisheria mtoto huyo bado ni raia kama wengine, ndiyo maana aliweza kugombea ubunge wa kuchaguliwa huku akiitwa lodi. Ndugu zake wadogo wanaitwa Lodi pamoja na jina lao la kwanza, Lodi Robert, Lodi Hugh, na dada zao Ledi. Watoto wa hao wadogo hawapati hata hilo. Baba akifa, mkubwa anachukua cheo, jumba na mashamba kwa mkupuo mmoja. Kwa msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu, ambamo mjane ana thumuni yake na kila mtoto fungu lake, mpangilio huu unaonekana kama dhuluma, na kwa wadogo ulikuwa dhuluma kweli. Lakini ndio uliofanya shamba la mwaka 1607 lisigawanyike vipande vipande hadi leo.

Sasa rudi kwa mtu wetu. Alizaliwa Hatfield mwaka 1830, mtoto mdogo wa markwisi wa pili. Akawa Lodi Robert Cecil. Kaka yake, ambaye macho yake yalikuwa karibu kupofuka, alifariki mwaka 1865 bila mtoto. Robert akawa mrithi, akaitwa Cranborne. Baba akafa mwaka 1868; akawa Salisbury, na siku hiyo kiti chake kikahama kutoka Baraza la Wabunge kwenda Baraza la Malodi. Kuna mtego mmoja zaidi: mwanawe wa tatu alipewa jina lake, naye akaitwa Lodi Robert Cecil vilevile. Huyo ndiye wa Nobeli ya Amani ya 1937. Ukisoma jina hilo kabla ya 1865 ni baba, baada ya hapo ni mwana. Kwa ukoo huu mwaka unatafutwa kwanza, jina baadaye.

Makarani, si mashujaa

Ukoo wa Cecil ni wa kale, ila si wa kale kama wanavyodhani wengi. Jina lenyewe ni la Wales, Seisyllt, na wenyewe hadi leo wanalitamka "Sisil". David Cecil alitoka mpakani mwa Wales, akamfuata Henry Tudor aliyetwaa ufalme mwaka 1485, akahamia mji wa Stamford na kuwa mtu mzito wa pale. Mwanawe Richard alikuwa mtumishi wa chumba cha mavazi cha mfalme Henry wa nane. Familia zilizodai kutoka kwa wapanda farasi wa 1066, Wanormani walioiteka Uingereza, ziliwaona hawa kuwa watu wa juzi, na William, mwana wa Richard, alilijua hilo vyema: alikuwa na uchu wa kuchorewa nasaba ndefu.

Kilichomwinua William hakikuwa upanga, kilikuwa kalamu. Alizaliwa Bourne mwaka 1520, akasoma Cambridge, na mwaka 1550 akawa katibu wa baraza la mfalme mdogo Edward wa sita. Mfalme akafa, akaja Mary Mkatoliki. Wenzake wengi, Waprotestanti, walikimbilia nje au waliishia motoni. Yeye alikwenda misa, akanyamaza, akatunza barua. Novemba 1558 Elizabeth, akiwa kwenye kasri la zamani la Hatfield, alipata habari kwamba sasa yeye ndiye malkia. Baraza lake la kwanza lilikaa katika ukumbi wa kasri hilohilo, na miongoni mwa uteuzi wake wa mwanzo ni William Cecil kuwa katibu wake. Walifanya kazi pamoja miaka 40. Mwaka 1571 alimpa ubaroni, na hapo ndipo linapoingia jina Burghley. Mwaka uliofuata akamfanya mweka hazina mkuu.

Namna yake ya kufanya kazi bado inaonekana kwenye karatasi zake. Jambo likiwa gumu, mathalani malkia aolewe na mwanamfalme wa Ufaransa au asiolewe, aliandika safu mbili, faida huku na hasara huku, hoja moja chini ya nyingine kwa mwandiko mdogo. Aliandika hivyo kuhusu ndoa, kuhusu vita, kuhusu bei ya samaki. Malkia aliyependa kuahirisha maamuzi alipata mtu ambaye hachoki kuyaandaa.

Mali, hata hivyo, haikutoka kwenye mshahara. Ilitoka zaidi kwenye ofisi ambayo vitabu vya jumla huipita haraka: usimamizi wa yatima wa wenye ardhi. Mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme akifa na kumwacha mrithi mdogo, mtoto huyo na ardhi yake waliangukia mikononi mwa ufalme mpaka atimize umri. Ufalme haukulea, uliuza. Mnunuzi wa ulezi alikusanya kodi ya ardhi, na alikuwa na haki ya kupendekeza mtoto aoe nani. Wako waliokata msitu wote wa yatima na kuuza mbao, wakamrudishia mashamba yaliyochakaa, na juu ya hapo wamemwoza binti yao. Aliyeamua ulezi uende kwa nani, na kwa bei gani, ni mkuu wa ofisi hiyo, na kuanzia 1561 hadi kufa kwake mkuu alikuwa William Cecil. Kwa kila ulezi ulioandikwa kuna hisani iliyopita chini ya meza. Baadhi ya yatima wakubwa aliwachukua nyumbani kwake mwenyewe. Mmoja, erli wa Oxford, alimwoa binti yake Anne mwaka 1571, ndoa iliyomtesa binti huyo. Mwingine, erli wa Essex, alikulia chini ya paa lile na baadaye akawa adui mkubwa wa mwana wa mwenye nyumba, mpaka alipokatwa kichwa kwa uasi mwaka 1601.

Tukio moja linamweleza William kuliko wasifu mrefu. Mary, malkia wa Waskoti, alikuwa kifungoni Uingereza tangu 1568 na njama za Wakatoliki zilimzunguka. Tarehe 1 Februari 1587 Elizabeth alitia saini hati ya kifo chake, kisha akaanza kusitasita kama kawaida yake. Cecil aliwaita wajumbe wa baraza, wakakubaliana kuipeleka hati bila kumwuliza tena, na tarehe 8 Mary alikatwa kichwa. Elizabeth aliwaka. Katibu mdogo aliyebeba hati alifungwa na kutozwa faini kubwa. Cecil alizuiwa kufika mbele ya malkia kwa miezi kadhaa, kisha akarudi kazini. Alijua kwamba malkia alitaka jambo hilo litendeke na wakati huohuo alitaka mtu wa kulaumiwa. Mwaka 1598, alipokuwa mahututi, Elizabeth alikwenda kukaa kando ya kitanda na kumlisha kwa kijiko kwa mkono wake.

Wake wawili, matawi mawili

Hapa ndipo fundo lilipofungwa. William alioa mara mbili. Mke wa kwanza, Mary Cheke, alimzalia Thomas mwaka 1542 na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Wa pili, Mildred Cooke, mwanamke aliyesoma Kigiriki kuliko wanaume wengi wa zama zake, alimzalia Robert mwaka 1563. Thomas alikuwa mwanajeshi wa kawaida, na baba hakuficha kwamba hamtarajii makubwa. Robert alikuwa mfupi mwenye mgongo uliopinda. Elizabeth alimwita mbilikimo wake, na James aliyemfuata alimwita mbwa wake mdogo wa kuwinda. Matani ya wafalme hayo, nawe ukicheka unacheka kwa adabu.

Ubaroni wa Burghley na jumba la Burghley karibu na Stamford, lililojengwa kati ya 1555 na 1587, vilikwenda kwa Thomas kwa kuwa ndiye mkubwa. Robert alipata jumba la Theobalds karibu na London, na kilichokuwa na thamani zaidi: kazi ya baba. Akawa katibu wa malkia mwaka 1596, na mwaka 1599 akashika ileile ofisi ya yatima. Elizabeth alipozeeka bila mtoto wala kumtaja mrithi, Robert aliandikiana kwa siri na mfalme James wa Waskoti. Malkia alipofariki Machi 1603, James alitangazwa mfalme siku hiyohiyo, bila vita. Kwa kazi hiyo Robert alipanda ngazi moja kila mwaka: baroni 1603, vaikaunti 1604, erli wa Salisbury tarehe 4 Mei 1605. Siku hiyohiyo Thomas naye alifanywa erli wa Exeter, ila Robert alitangulia. Kwa hiyo tawi la mdogo, Salisbury, liko juu ya tawi la mkubwa, Exeter, katika orodha ya heshima. Anayedhani tawi kuu la ukoo ni lile maarufu amekosea: kwa damu wakubwa ni wa Exeter.

Novemba ya mwaka huohuo 1605 mapipa ya baruti yalikutwa chini ya jengo la bunge, na Robert ndiye aliyeendesha uchunguzi. Miaka miwili baadaye James aliipenda Theobalds, na mfalme akipenda nyumba yako unampa. Robert alipewa Hatfield kwa kubadilishana. Alibomoa pande tatu za kasri la zamani, matofali yake akayatumia kujenga jumba jipya, akaacha upande wenye ukumbi ule wa 1558, bado upo. Mtunza bustani wake alikuwa John Tradescant, aliyetumwa ng'ambo kununua miti na mbegu. Mwenye nyumba hakulifaidi: alifariki Mei 1612, jumba likiwa ndiyo kwanza limemalizika. Kaburi lake lipo kanisani Hatfield. Sanamu yake ya marumaru imelala juu na fimbo ya kazi mkononi, na chini yake, kwenye mkeka uliochongwa kwa jiwe, kimelala kiunzi cha mifupa mitupu.

Baada ya Robert, ukoo ulisinzia karibu miaka 200. Walikuwapo maerli, waliwinda, walioa, mmoja aliingia Ukatoliki wakati mbaya akafungwa. Pandisho la umarkwisi lilikuja 1789 kwa sababu za ikulu zaidi kuliko za siasa. Mjane wa markwisi huyo wa kwanza, aliyekuwa na umri wa miaka 85, alifia ndani ya moto ulioteketeza upande wa magharibi wa Hatfield Novemba 1835. Kilicholeta uhai mpya ni ndoa: mwaka 1821 markwisi wa pili alimwoa Frances Gascoyne, binti wa pekee mwenye mashamba Essex na viwanja Liverpool, na jina la mali likaunganishwa na la ukoo. Ndiyo sababu kwenye hati rasmi tangu hapo wanaandikwa Gascoyne-Cecil. Mtoto wao ndiye Salisbury wetu.

Mtu aliyechora mistari

Robert huyu, markwisi wa tatu, alizaliwa mtoto mdogo, kwa hiyo bila urithi. Alipotaka kumwoa Georgina Alderson, binti wa jaji, baba alikataa kwa kuwa hakuwa na mali wala nasaba. Wakaoana hivyohivyo mwaka 1857. Miaka iliyofuata aliishi kwa kuandikia magazeti makala kali, nyingine dhidi ya viongozi wa chama chake mwenyewe. Aliyeonja kulipwa kwa kila ukurasa hasahau, na barua zake za kidiplomasia zina makali yaleyale.

Aliongoza serikali mara tatu: 1885 hadi 1886, 1886 hadi 1892, na 1895 hadi 1902. Ndiye waziri mkuu wa mwisho kuongoza Uingereza muda wote akiwa kwenye Baraza la Malodi. Sehemu kubwa ya muda huo alishika pia mambo ya nje, na hapo ndipo anapotuhusu.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mambo mawili kuhusu pwani yetu. Kwanza, utawala wa Sultani bara ulikatwa hadi ukanda wa maili kumi kutoka baharini, pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu. Pili, nyuma ya ukanda huo ulichorwa mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Jipe, ukazunguka kaskazini ya Kilimanjaro, ukaendelea hadi ufuko wa Ziwa Victoria. Ile kona ya mlimani ndiyo iliyozaa hadithi kwamba malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima kwa siku ya kuzaliwa. Mkataba hausemi hivyo. Wajerumani walikuwa wameshasaini mapatano na watawala wa Kichaga, na Waingereza waliridhika na Mombasa.

Mkataba wa 1890 ulikuwa biashara ya kubadilishana, na unaeleweka vizuri ukiusoma kama risiti. Ujerumani ilitoa: ilikubali himaya ya Uingereza juu ya Unguja na Pemba, iliachia Witu, usultani mdogo karibu na Lamu, na ilikubali kwamba nchi za kaskazini ya mstari wa nyuzi 1 kusini, Buganda ikiwamo, ni za Waingereza. Uingereza ilitoa: kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, ilichokishika tangu 1807; njia nyembamba ya kuufikia mto Zambezi kutoka nchi inayoitwa leo Namibia; na ahadi ya kumshawishi Sultani auze moja kwa moja ukanda wa pwani ya Tanganyika, ambao kampuni ya Kijerumani ilikuwa imeukodi. Sultani Ali bin Said alilipwa marki milioni 4. Mafia ikaenda na pwani hiyo.

Kwa nini Salisbury alione jambo hili kuwa na faida, wakati malkia Victoria mwenyewe alinung'unika kuachia Heligoland? Kwa sababu ya Misri. Waingereza walikuwa wameikalia Misri tangu 1882, Misri inaishi kwa Nile, na Nile inaanzia Ziwa Victoria. Aliyeshika chanzo amemshika anayekunywa chini, ndivyo walivyoamini. Wajerumani nao walikuwa wanachimba mfereji wa Kiel na hawakutaka bendera ya kigeni mbele ya milango yake. Kila mmoja aliona amempunja mwenzake. Wenye nchi hawakuulizwa.

Mchoraji mwenyewe alijua alivyokuwa anachora gizani. Katika hotuba ya Agosti 1890 alitania kwamba mataifa ya Ulaya yamekuwa yakigawiana milima, mito na maziwa bila kujua hasa viko wapi. Mkataba wake una ushahidi. Kifungu kimoja kinasema mlima Mfumbiro utakuwa wa Waingereza hata ukigundulika kuwa kusini ya mstari, na mstari utapinda kuufuata. Mlima mmoja wa jina hilo, kama ulivyofikiriwa London, haukuwapo. Ipo safu ya volkeno za Virunga. Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walibishania pembe hiyo hadi 1910, na mpaka wa leo wa Uganda, Rwanda na Kongo ulitoka kwenye ubishi huo.

Salisbury huyuhuyu ndiye alikuwa madarakani tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokataa kutoka kwenye kasri la Zanzibar na manowari zikalipiga kwa muda usiofika saa moja. Chini ya serikali yake bunge lilipitisha fedha za reli ya kutoka Mombasa, iliyofika Kisumu mwaka 1901. Na Septemba 1890, miezi miwili na ushei baada ya mkataba wa Berlin, watu wa kampuni ya Cecil Rhodes walipandisha bendera mahali walipopaita Fort Salisbury kwa heshima yake. Mji huo ni Harare, jina lililorudi mwaka 1982. Rhodes mwenyewe si wa ukoo huu. Cecil kwake ni jina la kwanza tu.

Nyumbani alikuwa mtu wa maabara. Hatfield ilikuwa miongoni mwa majumba ya kwanza Uingereza kuwekewa taa za umeme, nyaya zikiwa wazi darini. Zilipozidiwa na kuanza kuwaka katika ukumbi mrefu wa juu, familia iliyokuwa imekaa chini ilirusha mito ya viti kuuzima moto, kisha ikaendelea na mazungumzo. Mtumishi wa bustani aliyegusa waya hakuwa na bahati hiyo; aliuawa na umeme.

Baada yake

Alipojiuzulu mwaka 1902 alimwachia uwaziri mkuu mpwa wake, Arthur Balfour, mtoto wa dada yake Blanche. Wakati huo mkwewe na mpwa mwingine walikuwa ndani ya serikali, na mwanawe mkubwa alikuwa naibu katika Wizara ya Mambo ya Nje. Waandishi waliiita serikali hiyo "Hoteli ya Cecil", kwa jina la hoteli kubwa iliyokuwa imefunguliwa London mwaka 1896 kwenye kiwanja kilichowahi kuwa cha ukoo.

Kati ya watoto wake, Robert mdogo ndiye aliyekwenda mbali na njia ya baba. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alikuwa waziri wa kuzuia bidhaa zisiingie Ujerumani, na aliyoyaona yalimfanya kuwa mtu wa amani. Alikuwa Paris mwaka 1919 akishiriki kuandika katiba ya Shirikisho la Mataifa, lile lililokuja kuwapa Waingereza udhamini wa Tanganyika na Wabelgiji wa Ruanda-Urundi. Baba alichora mipaka, mwana akasaidia kuandika sheria za kuikabidhi kwa wengine. Kaka yake William alikuwa askofu wa Exeter, na hilo ni jina la jimbo la kanisa, halihusiani na lile tawi la pili. Mdogo wao Hugh alikuja kuongoza shule ya Eton.

Mjukuu, markwisi wa tano, aliacha kitu kinachotumika kila wiki. Mwaka 1945 chama cha Labour kilipata wabunge wengi mno, lakini Baraza la Malodi lilijaa wahafidhina wasiochaguliwa. Salisbury huyo, kiongozi wao, alikubali kanuni kwamba malodi hawataukataa katika hatua ya kusomwa mara ya pili muswada ambao serikali iliuahidi katika ilani yake. Haikuandikwa kwenye sheria yoyote; inaitwa desturi ya Salisbury na inaheshimiwa mpaka sasa. Kwa mambo ya makoloni hakuwa mpole hivyo. Mwaka 1957 alijiuzulu serikalini kwa sababu askofu Makarios wa Kupro aliachiwa kutoka uhamishoni Shelisheli. Machi 1961, miezi tisa kabla ya uhuru wa Tanganyika, alimshambulia waziri wa makoloni Iain Macleod bungeni, kwamba ni mjanja kupita kiasi na amewahadaa walowezi wa Kizungu. Hoja zilikuwa za mtu aliyeona kazi ya babu yake inafumuliwa uzi mmoja mmoja.

Mjukuu wa huyo naye, akiitwa Cranborne kwa kuwa baba yake bado alikuwa hai, mwaka 1998 aliongoza wahafidhina ndani ya malodi. Serikali ya Blair ilitaka kuwaondoa wote waliorithi viti. Cranborne alikwenda kujadiliana kwa siri, bila idhini ya kiongozi wa chama chake, akapata wabaki 92. Kiongozi akamfukuza kazi, 92 wakabaki. Alimrithi baba mwaka 2003 na sasa ni markwisi wa saba.

Tawi la Exeter lilikaa mbali na siasa hizi. Mmoja wao, Henry Cecil, alikimbia ndoa iliyovunjika na kujificha kijijini Shropshire kwa jina la John Jones, akamwoa binti wa mkulima, Sarah Hoggins, kabla hata talaka haijatoka; walirudia kufunga ndoa kihalali mwaka 1791. Miaka miwili baadaye alirithi uerli, na Sarah akajikuta ni mwenye jumba la Burghley. Alifariki mwaka 1797, mume hajawa markwisi bado.

Baroni Burghley kilikuwa cheo cha Thomas, kwa hiyo mrithi wa tawi hili ndiye anayeazimwa jina hilo. Hapa mtego wa Cranborne unajirudia uwanjani. Mwaka 1928, Amsterdam, mbio za mita 400 kuruka viunzi zilishindwa na Lodi Burghley kwa sekunde 53.4. Alijifunza kwa kuweka viberiti juu ya viunzi na kuvipangua kwa mguu bila kugusa ubao. Mwaka 1956 baba yake alifariki, naye akatoweka kwenye orodha za michezo. Aliyeonekana badala yake ni markwisi wa Exeter, rais wa shirikisho la riadha duniani tangu 1946. Ni yeye aliyewavisha medali Tommie Smith na John Carlos huko Mexico mwaka 1968, dakika chache kabla hawajainamisha vichwa na kuinua ngumi zenye glavu nyeusi. Na alikuwa bado rais mwaka 1972, Munich, John Akii-Bua wa Uganda alipoingia njia ya ndani kabisa kwenye mbio zilezile za viunzi na kumaliza kwa 47.82, rekodi ya dunia.